Kilichonaswa na sumaku: kisa cha dona yenye mchanga Uyole

Ilianza na spika mbovu ya redio. Mama ntilie mmoja wa Kabwe, hapa Mbeya mjini, alilalamikiwa na wateja wawili ndani ya wiki moja kwamba ugali wake wa dona unakwaruza meno. Mwanawe wa darasa la sita akang'oa sumaku kwenye spika, akaichovya kwenye kiroba cha unga, ikatoka na ndevu nyeusi. Jirani akapiga video. Kufikia jioni video ilikuwa imezunguka makundi yote ya WhatsApp ya mtaa, na chini yake mtu ameandika: "Tunalishwa vyuma."

Kesho yake asubuhi mwenye mashine iliyosaga unga ule alinipigia simu. Ni mama mtu mzima, tunafahamiana miaka mingi, na huwa hapotezi muda kwa salamu ndefu akiwa na jambo.

"Mwanangu, njoo na vikorokoro vyako. Wanasema nawauzia watu misumari."

Kazi yangu ni kuzunguka kwenye mashine za unga, kuanzia Mlowo hadi Makambako, kushauri juu ya usafi na ubora. Vikorokoro anavyosema ni mizani ndogo, lenzi ya kukuza mara 10, sumaku yenye nguvu, makaratasi meupe na vichupa. Nimeandika kisa hiki kwa sababu mara ya kwanza nilikosea, tena nilikosea kwa kujiamini, na kosa lile lilimgharimu mama huyu seti nzima ya nyundo.

Mashine yake iko Uyole, si mbali na njia panda ya barabara ya Tukuyu na ile ya Dar es Salaam. Ana kinu cha kukoboa na kinu cha nyundo, vyote vya umeme. Wateja ni wa aina mbili: wa debe, wanaokuja na mahindi yao kusagiwa, na wa viroba, wanaonunua unga uliokwisha kufungwa. Kwa asiyewahi kuchungulia ndani ya kinu cha nyundo: kuna ngoma ya chuma, ndani yake mhimili unaozunguka kwa kasi, na kwenye mhimili huo vimening'inizwa vipande bapa vya chuma, ndizo nyundo. Zake ni 24. Mahindi yanapigwa mpaka yavunjike kiasi cha kupita kwenye chekeche lenye matundu ya milimita 1. Mahindi ya sembe hupita kwanza kwenye kinu cha kukoboa yakavuliwa ganda, ndipo yanaingia kwenye ngoma. Ya dona yanaingia moja kwa moja. Tofauti hii ndogo ingenitosha kulimaliza suala zima siku ile ile kama ningeitafakari.

Siku ya kwanza

Nilivisha sumaku kidole cha glavu ya mpira. Hii ni muhimu, maana chembe zikishanata kwenye sumaku tupu hutaziondoa, lakini zikinata juu ya glavu unachomoa sumaku tu na zenyewe zinadondoka kwenye karatasi. Nikatandaza unga wa dona, nikaipitisha polepole. Ndevu nyeusi, kama kwenye video. Nikafanya hivyo hivyo kwa sembe. Ndevu tena, fupi kidogo.

Nikamwambia kijana anayesaga afungue ngoma. Nyundo zilikuwa hazijamaliza hata mwezi, lakini pembe zake tayari zilikuwa za duara kama sabuni iliyotumika. Nikauliza zimetengenezwa na nini. Zilikatwa kwenye flatibaa ya kawaida na fundi wa kuchomelea wa mtaani, kwa haraka, kwa sababu zile za zamani zilikuwa zimeisha ghafla katikati ya msimu.

Basi nikajua nimemaliza. Chuma laini, nyundo zinalika, chuma kinaingia kwenye unga, sumaku imekitoa. Nikamwambia mama atafute nyundo za springi za lori, chuma kigumu. Akanunua siku hiyo hiyo, mafundi wakafunga, nikapewa soda na kuagwa kwa "ndaga fijo".

Siku ya nne mama ntilie akapiga simu. Unga mpya, nyundo mpya, na ugali bado unakwaruza.

Mkia mweusi kwenye karai

Niliporudi nilikuta kijana anayesaga amekaa juu ya gunia, anatazama kile kichupa nilichokuwa nimekiacha siku ya kwanza kikiwa na vitu vilivyotoka kwenye dona. Alikuwa anakiinamisha huku na huku.

"Kaka, hiki siyo chuma," akasema. "Huu ni mchanga mweusi."

Kijana huyu aliwahi kukaa miaka miwili Makongolosi, wilayani Chunya, akiosha dhahabu. Kule mchanga mweusi ndio unaobaki mwisho kwenye karai, pamoja na dhahabu yenyewe kama ipo, kwa sababu ni mzito. Hakuniomba ruhusa. Alichukua karai, akapima kilo moja ya dona, akaongeza maji, akaanza kuzungusha kwa mikono miwili, kidogo kidogo, akimwaga maji ya juu. Yalitoka meupe kama maziwa, yakaja kama maji ya mchele, mara ya saba au ya nane yakawa karibu masafi. Akainamisha karai kwenye jua.

Chini palibaki kitu cha kujaza kijiko cha chai na ziada. Sehemu kubwa ilikuwa mchanga wa kijivu na chembe nyeupe zinazopitisha mwanga. Upande mmoja, pale maji yalipojikunja kwa mara ya mwisho, palikuwa na mstari mweusi mwembamba, umejitenga na wenzake na kwenda kuishia kwa ncha kama mkia wa panya. Nikasogeza sumaku upande wa nyuma wa glavu. Mkia ukainuka.

Hapo nikatoka nje. Mbele ya mashine kuna mfereji wa maji ya mvua, nao kiangazi hubaki na mchanga uliochujwa na maji. Nikaburuta sumaku humo hatua tano. Ilitoka na ndevu ndefu kuliko za unga wowote niliowahi kupima.

Mtu wa Mbeya hakupaswa kushangaa. Ardhi yetu ni ya volkano. Mlima Rungwe na Ngozi yenye ziwa lake juu vilimwaga majivu kote huku, na ukichimba msingi wa nyumba unakutana na yale mawe mepesi yenye vitundu, yanayoelea majini. Udongo wa namna hii una madini yaitwayo magnetaiti, yaani chuma kilichoungana na oksijeni. Ni meusi, ni mazito, na yananata kwenye sumaku sawasawa na chembe za chuma cha nyundo. Kwa hiyo yule mtoto wa darasa la sita alikuwa amegundua kitu cha kweli, na mimi mwenye lenzi na mizani nilikuwa sijaongeza chochote juu ya alichogundua yeye.

Kilichothibitisha ni sembe. Sembe na dona vinapita kwenye ngoma moja, nyundo zile zile. Kama kinachokwaruza ni chuma cha nyundo, walaji wa sembe wangelalamika pia. Hakuna hata mmoja aliyelalamika. Kinu cha kukoboa kinapovua ganda, pumba hutoka chini kupitia matundu, na mchanga mwingi hutoka nayo. Dona haina pa kuuachia.

Mrututu

Sasa palikuwa na maswali mawili badala ya moja. Kinachokwaruza ni mchanga, sawa. Lakini zile nyundo zilizolika nilizishika kwa mkono wangu, chuma chake kilikwenda mahali. Katika ndevu nyeusi, kipi ni mchanga na kipi ni nyundo?

Maabara ingeweza kujibu. Tangu 2019, baada ya iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, kubadilishwa kuwa TMDA na kubaki na dawa na vifaa tiba, masuala ya usalama wa chakula yako shirika la viwango, TBS, na mwenye mashine anaweza kupeleka sampuli huko. Kipimo cha kawaida cha mchanga ni kuunguza unga hadi ubaki majivu, kuyachemsha kwenye asidi, na kupima kisichoyeyuka. Nilimshauri mama apeleke, akapeleka. Lakini foleni ya wateja ilikuwa mlangoni, na jibu tulilihitaji siku hiyo.

Nikamtuma kijana duka la pembejeo anunue mrututu. Wakulima wa kahawa wa Mbozi na wa nyanya na viazi huku juu wanaufahamu, ni zile fuwele za buluu za kuzuia magonjwa ya ukungu. Ni salfeti ya shaba. Ukiyeyusha kijiko kwenye nusu glasi ya maji ya vuguvugu, ukadondoshea siki kidogo, kisha ukatumbukiza chuma kitupu, shaba inatoka kwenye maji na kukaa juu ya chuma, na chuma kinaingia majini kushika nafasi yake. Msumari uliosuguliwa unageuka rangi ya senti ya zamani mbele ya macho yako. Magnetaiti haigeuki, kwa sababu chuma chake kimeshafungwa na oksijeni, hakina cha kubadilishana. Kutu pia haigeuki. (Mrututu ni sumu. Sahani na kijiko vya kipimo hiki havirudi jikoni, na unga uliopimwa hauliwi na mtu wala kuku.)

Tulitumia sahani nyeupe ya udongo. Nikapanga chembe 100 kutoka kwenye dona iliyosagwa na zile nyundo laini, nikadondoshea. Kwa dakika nzima hazikubadilika. Kisha moja, pembeni, ikaanza kuwa nyekundu kwenye ncha, wekundu ukasambaa mpaka chembe yote ikawa kama kipande cha waya wa umeme uliomenywa. Ikafuata nyingine. Mama mwenye mashine alikuwa ameinama juu ya meza, miwani puani, anahesabu kwa sauti. Alifika 17. Zilizobaki 83 zilikaa nyeusi hata baada ya nusu saa.

Tukarudia kwa sembe ya siku ile ile: 71 zikawa nyekundu.

Bila lenzi ningeishia hapo na kukosea tena. Zile ambazo hazikugeuka hazikufanana zote. Za kwenye dona nyingi zilikuwa punje nono, zimesuguliwa kingo, chache bado zina nyuso bapa zinazong'aa kama zimekatwa kwa makusudi. Huo ni mchanga. Lakini za kwenye sembe zilizobaki nyeusi nyingi zilikuwa magamba, bapa na membamba, mengine yamekunjika pembeni. Hayo ni magaga ya chuma kilichopata moto, yale yanayobanduka fundi anapokata kwa gesi. Nayo kimsingi ni oksaidi ya chuma, yananata kwenye sumaku, yanavunjika ukiyabonyeza kwa kisu, na mrututu hauyagusi. Katika zile nyekundu nako kulikuwa na familia mbili. Zipo zilizojisokota au zenye mikwaruzo ya kwenda upande mmoja, hizo zimekwanguliwa kwenye nyundo. Zipo zilizokuwa duara kamili, vitufe vidogo kuliko punje ya ulezi, vilivyong'aa kabla shaba haijavifunika. Chuma hakiwi kitufe kwa kusuguliwa. Kinakuwa kitufe kikiyeyuka na kuruka hewani. Hizo ni cheche za kuchomelea na za grinda.

Vitufe vilikuwa vingi kwenye viroba vya siku moja tu, siku nyundo za flatibaa zilipofungwa. Fundi alichomelea kishikio cha chekeche ngoma ikiwa wazi, akafunga, wakasaga bila hata kupangusa.

Kuna kisa kinachofanana na hiki ambacho kila mtu wa fani hii hufundishwa mapema: mtu anakuta kipande cha kioo kwenye samaki wa kopo, anatishia kwenda mahakamani, kumbe ni fuwele iitwayo struvaiti, iliyojitengeneza yenyewe ndani ya kopo kutokana na magnesiamu na fosfeti za samaki. Ukiitia kwenye siki ya moto inayeyuka, kioo hakiyeyuki. Niliwahi kulifundisha hilo darasani. Halafu nikaenda Uyole na kuamini sumaku.

Hesabu ya nyundo

Mama aliuliza swali la haki: "Kwa hiyo chuma nimewalisha kiasi gani?"

Bahati nzuri fundi alikuwa amebakiza nyundo mbili ambazo hazikufungwa. Zilipima gramu 420 kila moja. Tulipopima zilizotumika, wastani ulikuwa 365. Kila nyundo ilipoteza gramu 55, mara 24, ni gramu 1,320. Daftari la mama, ambalo nalisifu kwa sababu mashine nyingi hazina, lilionyesha kwamba katika siku zile 22 za kazi zilipita tani 44. Gawanya, unapata miligramu 30 za chuma kwa kila kilo ya unga. Mtu akila gramu 250 za unga kwa mlo, anapata miligramu saba na nusu, tukichukulia kwamba chuma chote kiliishia kwenye unga na kilisambaa sawasawa.

Kwa kulinganisha tu: kwenye chai, ambayo tunaijua vizuri huku Mufindi na Rungwe, rola za kiwanda za kukata majani nazo zinalika, na India imeruhusu chembe za chuma zisizozidi miligramu 250 kwa kilo ya chai. Zetu zilikuwa chini sana ya hapo, ingawa hatuli chai kwa nusu kilo.

Sasa upande wa pili wa mizani. Tulichukua mahindi kutoka kwenye lundo kabla hayajasagwa, tukachekecha kilo moja. Chini palidondoka gramu 6 za mchanga na vumbi. Miligramu 6,000. Mara 200 ya chuma. Kiwango cha mahindi cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kinataka taka zisizo za mimea, yaani mawe, mchanga na vumbi, zisizidi asilimia 0.5 kwa uzito. Kwenye gunia la kilo 100 hiyo ni nusu kilo. Lundo la mama lilikuwa na asilimia 0.6.

Hata ukitoa vumbi laini lisilosikika mdomoni, kilichobaki kinatosha kuharibu ugali wa mtaa mzima. Mchanga huu una kwazi ndani yake, madini magumu yanayong'aa kama kioo, na kwazi kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs ni 7, wakati ngozi ya jino ni 5. Ndiyo maana unasikia ule mlio kichwani.

Nilipomwonyesha mama ile 17 na ile 83, alipumua kana kwamba ameachiliwa kesi. Sikumwacha apumue sana. Wapo wanaosema chuma kwenye unga ni heri, kinaongeza damu. Chuma kinachowekwa kwenye unga ulioongezwa virutubishi ni kiungo kilichopimwa. Cheche ya kuchomelea si lishe, na hakuna ajuaye ile fimbo ya kuchomelea imechanganywa na nini kingine. Kusini mwa Afrika wanywaji wa pombe ya kienyeji iliyopikwa kwenye madumu ya chuma waliugua kwa chuma kujilimbikiza kwenye ini, kwa hiyo hata kizuri kina ukomo. Kikubwa zaidi ni ukubwa wa kipande. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inahesabu kitu kigumu au chenye ncha kuwa hatari kikiwa na urefu wa milimita 7 hadi 25. Kupitia tundu la milimita 1 kipande kama hicho ni shida kutoka, labda sindano iliyosimama wima. Lakini chekeche likitoboka, na huwa linatoboka, ulinzi huo haupo.

Kilichotangulia

Ukiuliza kwa nini, jibu halikuwa kwenye ngoma hata kidogo. Mama alikuwa na chekeche la kusafishia mahindi, lile la kutikisika, limekaa pembeni ya hopa, ule mdomo wa kumwagia mahindi, limefunikwa na magunia matupu. Mkanda wake ulikatika mwanzoni mwa Juni. Foleni ilikuwa ndefu, mavuno yanaingia, mkanda wa saizi ile haukupatikana Mwanjelwa, basi wakaanza kumwaga mahindi moja kwa moja. Wiki moja, ikawa mwezi. Na mwezi huo huo alibadilisha mfanyabiashara wa mahindi. Wa zamani alikuwa akianika juu ya turubai. Huyu mpya hukusanya kwa wakulima wadogo ambao wengi wanaanika uani, juu ya udongo mtupu uliofagiliwa, na wakizoa kwa ufagio jioni wanazoa na uwanja.

Kwa hiyo mambo yalikwenda hivi: chekeche likasimama, mchanga ukaingia kwenye ngoma, mchanga ukala nyundo za zamani ambazo zilikuwa nzima kabisa, nyundo zikaisha katikati ya msimu, zikatafutwa nyingine haraka haraka, zikapatikana laini, nazo zikalika kwa kasi zaidi kwa sababu mchanga bado unaingia. Mimi nilifika mwishoni kabisa mwa mlolongo huu, nikaona nyundo, nikalaumu nyundo. Seti ya springi niliyomnunulisha ingeisha nayo kabla ya Krismasi.

Fundi wa flatibaa sikumlaumu sana, alipewa kazi ya haraka na bei ya haraka. Mfanyabiashara wa mahindi alijitetea kwamba mahindi ni mahindi, na kwamba kila mtu anaanika hivyo. Sehemu ya pili ni kweli. Mama alimjibu kwa bambo, kile chuma cha kuchoma gunia na kutoa nafaka ya kukagua. Sasa kila gunia linapofika anachoma bambo sehemu tatu, juu, katikati na chini kabisa ambako mchanga huteremka safarini, anachekecha kilo moja mbele ya muuzaji, na uzito wa kilichodondoka unakatwa kwenye gunia zima. Wiki ya kwanza walinuniana. Wiki ya tatu yule bwana alikuja na maturubai mapya kwenye lori, akidai ni wazo lake.

Unga wenyewe tuliugawa mafungu mawili. Viroba vya siku ya kuchomelea, 11 vya kilo 25, vilifukiwa. Hapo hapakuwa na mjadala ingawa mama alijaribu. Dona yenye mchanga iliyokuwa bado dukani iliuzwa kwa mfugaji wa kuku kwa bei ya hasara, akiambiwa wazi ina nini. Kuku hana meno, changarawe kwenye firigisi ndiyo inayomsagia. Mfugaji alicheka, akasema ameokoa hela ya changarawe.

Chekeche la kutikisika limerudi kazini na mkanda ulioagizwa Iringa. Lina ngazi mbili: ya juu inazuia mabua, magunzi na mawe makubwa, ya chini ina matundu ya milimita 4 yanayoangusha mchanga na kubakiza mahindi. Jiwe lenye ukubwa wa punje ya hindi linapita kote, na kwa hilo hakuna dawa ya bei rahisi zaidi ya macho ya kinamama wawili wanaopeta. Sumaku ziko mbili, moja kwenye mdomo wa hopa kulinda kinu, nyingine mdomo wa kutokea unga kumlinda mlaji. Nilimweleza mama kwamba hazitakamata shaba ya bushi wala stenlesi nyingi, asizitegemee kwa yote. Nyundo mpya zikifungwa, kingo zinasuguliwa kwanza, ngoma inapanguswa, na pumba inasagwa dakika 20 na kutupwa. Kila jioni kijana anafuta sumaku kwenye karatasi nyeupe, anaibandika kwenye daftari kwa selotepu na kuandika tarehe. Mrututu umewekwa juu kabisa ya kabati, kwenye chupa iliyoandikwa SUMU kwa wino mwekundu.

Nilipita huko wiki iliyopita, nikafungua daftari. Kurasa za Agosti na Septemba zina vivuli hafifu tu, mtu anaweza kudhani ni alama za vidole. Ukurasa wa Jumanne una nati moja nzima, ya milimita 6, inang'aa. Kijana alisema ilinaswa na sumaku ya hopa saa nne asubuhi. Tukaanza kuitafuta ilikotoka. Tulimaliza kinu cha nyundo, tukamaliza cha kukoboa, mwisho nikainama chini ya lile chekeche ninalojisifia. Linatikisika mchana kutwa, na mafundi walilifunga kwa nati za kawaida bila washa za kuzuia kulegea, nami nilikuwepo nikitazama.

Kwenye fremu palikuwa na boliti mbili zisizo na nati. Kwenye daftari ilikuwepo moja.

Mama alikwisha kusimamisha mashine kabla sijasema neno, na kijana alikuwa ameshashika karai.